Mpangaji Akikataa Kuondoka Baada ya Mkataba Kwisha

Soko la Ishiara liko upande wa chini wa nchi ya Mbeere, katika Kaunti ya Embu, si mbali na mto Thuci unaoigawa kaunti hiyo na Tharaka Nithi. Kama ilivyo katika masoko mengi ya Kenya, wenye majengo si wote wanaoyatumia wenyewe. Huyu amempangisha mfanya biashara duka lake. Yule amejenga vyumba nyuma ya duka, naye huwapangisha walimu, makarani na vijana wafanyao kazi sokoni. Nje ya soko yako mashamba ya ndengu, mtama, miembe na muguka, na mengine hukodishwa kwa msimu mmoja au kwa miaka kadhaa. Basi palipo na kupangisha hapakosi siku ya kumaliza, na siku ya kumaliza ndiyo mara nyingi iletayo ugomvi.

Swali lenyewe ni hili. Muda wa mkataba umekwisha, mwenye mali ataka mali yake, na mpangaji hataki kutoka. Je, mwenye mali afanye nini, na asifanye nini? Twapenda kulieleza jambo hili kwa utaratibu, kwa kuwa watu wengi wamepoteza haki iliyokuwa yao kwa sababu ya kufanya haraka, na wengine wameipoteza kwa sababu ya kukaa kimya.

MFANO WA DUKA MOJA

Tuseme yuko mama mmoja mjane aliyeachiwa na mumewe duka moja sokoni. Mfano huu tumeutunga ili kueleza sheria, wala si habari ya mtu fulani, lakini mambo yaliyomo ni ya kawaida. Mama huyo alimpangisha kijana mmoja mfanya biashara duka lake kwa muda wa miaka 3, kwa karatasi iliyotiwa sahihi na wote wawili mbele ya mashahidi. Kodi ya duka hilo ndiyo iliyolipa karo ya wajukuu wake. Muda ulipokwisha tarehe 31 Desemba, mama alitaka duka lirudi mkononi mwake ili afungue mwenyewe biashara ya nafaka. Kijana akamjibu kwa upole, "Mama, mimi sitoki. Mali hii nimeinunua kwa fedha za mkopo, na wateja wangu wote wananijua hapa. Ukitaka, nenda mahakamani."

Majirani wakampa mama mashauri ya namna tatu. Wa kwanza alimwambia abadili kufuli usiku. Wa pili alimwambia aende kwa chifu akapewe askari wa kumtoa kijana. Wa tatu alimwambia aendelee kupokea kodi kimya kimya mpaka kijana achoke mwenyewe. Mashauri hayo yalitolewa kwa nia njema, lakini kila moja lina hatari yake. Na tuyatazame moja moja.

SHAURI LA KWANZA: KUFULI

Watu wengi hufikiri hivi: nyumba ni yangu, hati ni yangu, basi naweza kuingia nitakapo. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Makosa ya Jinai, Sura ya 63, kifungu cha 90, yasema kwamba mtu aingiaye katika ardhi au nyumba kwa nguvu ili aitwae, iwe ni kwa kumpiga mtu, au kwa vitisho, au kwa kuvunja mlango, au kwa kukusanya kundi la watu, atenda kosa. Na kifungu hicho chaongeza jambo ambalo wenye nyumba wengi hawalijui: haidhuru kama mtu huyo ana haki ya kuingia au hana. Maana yake ni kwamba hati ya kumiliki ardhi haimkingi mtu aliyevunja mlango.

Kadhalika, mwenye nyumba akiezua mabati, akang'oa mlango, au akaharibu mali ya mpangaji, aweza kushtakiwa kwa kosa la kuharibu mali kwa makusudi. Na mpangaji aliyefungiwa nje, au aliyekatiwa maji na umeme ili achoke, aweza kwenda mahakamani kuomba amri ya kumrudisha ndani na kulipwa hasara yake. Hivyo mama aliyeanza akiwa mdai hugeuka kuwa mdaiwa, na duka bado hajalipata. Wahenga walisema kweli: hasira, hasara.

Jambo jingine hukosewa hapa. Mwenye nyumba anayedai kodi iliyolimbikizwa anaruhusiwa na Sheria ya Kukamata Mali kwa Ajili ya Kodi, Sura ya 293, kukamata mali ya mpangaji iuzwe kulipa deni. Lakini kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni, kwa taratibu zake; haifanywi na mwenye nyumba akisaidiwa na wanawe. Na kwa nyumba zile ndogo za kukaa ambazo tutazitaja baadaye, ruhusa ya baraza lihusikalo huombwa kwanza. Tena njia hiyo ni ya kupata fedha tu. Si njia ya kumtoa mtu ndani ya nyumba.

SHAURI LA PILI: CHIFU

Kumwendea chifu si jambo baya. Chifu aweza kuwaita wote wawili, pamoja na wazee wa mahali, na kuwasikiliza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 159, inazitaka mahakama zenyewe ziendeleze usuluhishi, upatanisho na njia za jadi za kumaliza ugomvi, mradi njia hizo zisivunje haki za mtu wala sheria. Magomvi mengi ya namna hii humalizika vizuri barazani, kwa kuwa mara nyingi mpangaji hahitaji jengo milele; ahitaji miezi michache ya kuuza mali aliyo nayo na kutafuta mahali pengine.

Lakini chifu hana uwezo wa kutoa amri ya kumtoa mtu. Askari polisi nao huja kulinda amani wakati amri ya mahakama inapotekelezwa. Hawaji kuchukua mahali pa mahakama. Kwa hiyo anayekwenda kwa chifu aende kutafuta mapatano, asiende kutafuta nguvu. Na wakipatana, mapatano yaandikwe: tarehe ya kutoka, kodi itakayolipwa mpaka siku hiyo, na nani atatengeneza kilichoharibika. Watie sahihi wote wawili na mashahidi. Mapatano ya maneno tu husahauliwa upesi na yule yanayemuumiza.

SHAURI LA TATU: KUPOKEA KODI NA KUNYAMAZA

Shauri hili laonekana kuwa la amani, lakini pengine ndilo lenye hatari iliyofichika zaidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 60, yaeleza mambo matatu.

La kwanza, mpangaji akibaki katika mali baada ya muda kwisha bila idhini ya mwenyewe, wajibu wake wote chini ya mkataba wa zamani waendelea mpaka siku atakapotoka. Hawezi kusema, "Mkataba umekwisha, basi na kodi imekwisha." Analipa kwa kila siku aliyokaa.

La pili, kupokea kodi peke yake hakumaanishi kwamba mwenye mali amekubali mpangaji abaki, wala kwamba ameacha haki zake.

La tatu ndilo la kuangaliwa sana. Mwenye mali akiendelea kupokea kodi kwa muda wa miezi 2 baada ya mkataba kwisha, sheria huhesabu kwamba upangaji mpya wa mwezi kwa mwezi umeanza. Yaani, mtu aliyekuwa amekaa bila idhini sasa amekuwa mpangaji tena, kwa kunyamaza kwako. Utahitaji kumpa notisi upya, kana kwamba mlianza jana.

Siku hizi jambo hili lina mtego wake, kwa sababu kodi hutumwa kwa simu kwa njia ya M-Pesa, nayo huingia hata kama mwenye nyumba hakuitaka. Mwenye nyumba asiyetaka upangaji uendelee afanye hivi: mara tu fedha ziingiapo, azirudishe, au amwandikie mpangaji barua siku hiyo hiyo kueleza kwamba hakubali upangaji mpya. Nakala ya barua aiweke, na habari ya simu asiifute. Ili kuondoa shaka yote, kurudisha ndiko bora, hasa mwezi wa pili ukikaribia.

JENGO LENYEWE NI LA NAMNA GANI?

Baada ya kuona yasiyofaa, na tutazame njia ifaayo. Hapa lazima mwenye mali ajiulize kwanza: nilichopangisha ni nini? Kwa maana sheria ya duka si sheria ya chumba cha kulala, na sheria ya chumba si sheria ya shamba. Wengi hushindwa mahakamani, si kwa sababu hawana haki, bali kwa sababu waligonga mlango usio wao.

1. Duka, hoteli na mahali pa kuuzia chakula. Hapa iko sheria maalumu, Sura ya 301, iliyotungwa mwaka 1965 ili kuwalinda wafanya biashara wasifukuzwe ghafula wala wasinyonywe. Sheria hiyo inahusu upangaji ambao haukuandikwa, na pia ule ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5. Inahusu hata mkataba mrefu zaidi, kama una maneno yanayoruhusu kuukatisha kabla ya miaka 5 kwa sababu isiyokuwa kuvunjwa kwa masharti. Upangaji wa namna hiyo huitwa upangaji uliodhibitiwa.

Mama wa mfano wetu alipangisha kwa miaka 3. Kwa hiyo yumo ndani ya sheria hii, na jambo moja litamshangaza: kwisha kwa muda ulioandikwa katika karatasi hakumalizi upangaji. Upangaji uliodhibitiwa humalizwa kwa notisi tu, iliyoandikwa katika fomu iliyowekwa na sheria. Barua ya kawaida, hata ikiwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri na kupigwa muhuri, haitoshi.

Notisi hiyo haianzi kufanya kazi kabla ya miezi 2 kupita tangu mpangaji alipoipokea. Kijana akipewa notisi tarehe 10 Januari, haiwezi kuanza kabla ya tarehe 10 Machi. Yaweza kutolewa mkononi mwake, au kwa mtu mzima wa jamaa yake, au kwa mtumishi wa dukani, au kupelekwa kwa posta ya rejista. Ni lazima itaje sababu, na imtake mpangaji ajibu katika muda wa mwezi 1 kama akubali au akataa.

Sababu zenyewe si za kubuni. Zimetajwa na sheria. Miongoni mwake ni hizi: mpangaji ameshindwa kulipa kodi kwa miezi 2 baada ya siku ya kulipa, au huchelewa kila mara; ameliacha jengo liharibike hali wajibu wa kulitengeneza ni wake; amevunja sharti kubwa la mkataba; mwenye jengo ataka kulibomoa au kulijenga upya; au mwenye jengo ataka kulitumia mwenyewe, kwa muda usiopungua mwaka 1, kwa biashara atakayoifanya yeye au kwa makao yake. Sababu hii ya mwisho ndiyo ya mama wa mfano wetu. Lakini aangalie: biashara iwe yake. Kumtoa kijana ili apangishwe mtu mwingine kwa kodi kubwa zaidi si sababu inayokubaliwa. Anayetaka kuongeza kodi hutoa notisi ya kubadili masharti, na hiyo ni habari nyingine. Na mtu aliyelinunua jengo karibuni, kabla ya miaka 5 kupita, hawezi kuitumia sababu ya kulihitaji mwenyewe.

Mpangaji asipokubali, aweza kupeleka shauri mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya siku ya notisi kufika. Akifanya hivyo, notisi husimama mpaka Baraza liamue. Asipojibu wala asipokwenda Barazani, notisi hushika siku ile iliyotajwa. Uamuzi wa Baraza huandikishwa katika mahakama ya hakimu, nao hutekelezwa kama hukumu ya mahakama hiyo. Asiyeridhika aweza kukata rufani katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi kabla ya siku 30 kupita.

Kwa sababu ya sheria hii, wenye majengo wengi katika miji hupangisha kwa muda unaozidi miaka 5 kidogo, ili mkataba utoke nje ya udhibiti na ufuate sheria ya kawaida. Mkataba wa namna hiyo ni lazima uandikwe na kuandikishwa katika ofisi ya ardhi.

2. Nyumba ya kukaa. Hapa yapo makundi mawili. Nyumba ambayo kodi yake ya kawaida haizidi Sh. 2,500 kwa mwezi imo chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, iliyoanza mwaka 1959. Mpangaji wa nyumba hiyo halazimiki kutoka kwa sababu tu muda umekwisha. Mwenye nyumba huomba amri kwa Baraza la Kudhibiti Kodi, naye huonyesha sababu, kama vile kodi isiyolipwa, au mpangaji anayewasumbua majirani, au kwamba aihitaji nyumba kwa haki ili akae yeye na jamaa yake. Baraza nalo hutazama kama ni haki kutoa amri hiyo. Tena mwenye nyumba anayemsumbua mpangaji wa namna hiyo ili atoke mwenyewe, atenda kosa chini ya sheria hiyo hiyo.

Nyumba ambayo kodi yake yazidi kiasi hicho hufuata mkataba wenyewe na Sheria ya Ardhi. Ikiwa hakuna mkataba wa maandishi, na kodi hulipwa kila mwezi, upangaji huhesabiwa kuwa wa mwezi kwa mwezi, na notisi yake ni ya mwezi 1 mzima, ikiishia siku ya kulipa kodi.

3. Shamba. Katika nchi ya Mbeere ugomvi wa shamba huwa na uchungu wa pekee, kwa sababu mkulima aliyekodi haachi chumba kitupu. Aacha jasho lake ardhini. Muda unakwisha na ndengu bado hazijavunwa. Au amepanda muguka au miembe, miti inayozaa kwa miaka mingi, naye asema hawezi kuiacha. Kwa hiyo mkataba wa shamba useme wazi: mazao yaliyo shambani siku ya mwisho ni ya nani, na aliyekodi aruhusiwa kupanda miti ya kudumu au haruhusiwi.

Liko jambo jingine lisilojulikana na wengi. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, ya mwaka 1967, yasema kwamba kukodisha ardhi ya kilimo iliyo katika eneo la udhibiti kwahitaji kibali cha bodi ya ardhi. Ombi hupelekwa kabla ya miezi 6 kupita tangu siku ya mapatano. Pasipo kibali, mapatano hayo ni batili, na fedha zilizotolewa zaweza kudaiwa kama deni. Tena kubaki katika shamba kwa mapatano batili ni kosa. Basi aliyekodi shamba bila kibali hana pa kujishika, na aliyekodisha bila kibali ajue kwamba aweza kutakiwa kurudisha fedha alizozila.

NJIA YA MAHAKAMA

Kwa mali isiyo chini ya mabaraza tuliyoyataja, mdai huenda mahakamani. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, ahakikishe kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kudai. Wajane na mayatima wengi hukwama hapa, kwa kuwa hati ya ardhi bado ina jina la marehemu. Mtu huyo hana budi kupata kwanza barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kazi hiyo huchukua muda, basi asingoje mpaka ugomvi uanze.

Pili, aandike barua ya kumtaka mpangaji atoke, akitaja mkataba, siku uliyokwisha, na kodi inayodaiwa. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, kifungu cha 152E, yasema kwamba mwenye ardhi anayeona kuwa mtu amekaa katika ardhi yake bila idhini aweza kumpa notisi ya muda usiopungua miezi 3 kabla ya siku ya kumtoa. Notisi hiyo iwe ya maandishi, na nakala yake apewe Naibu Kamishna wa Kaunti na mkuu wa polisi wa sehemu hiyo. Aliyepewa notisi aweza kwenda mahakamani kuipinga. Njia ya salama ni kuifuata taratibu hii, hata kama mpangaji hana la kusema.

Tatu, mpangaji asipotoka, shauri lifunguliwe. Kwa watu wa Ishiara mahakama ya hakimu iliyo karibu iko Siakago. Mahakimu wana uwezo wa kusikia mashauri ya ardhi, kila mmoja kwa kadiri ya cheo chake, kuanzia mali ya thamani ya Sh. 5,000,000 mpaka Sh. 20,000,000. Yanayozidi hapo huenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011, nayo inacho kituo Embu. Mdai huomba mambo matatu pamoja: amri ya kumtoa mpangaji, kodi ambayo haikulipwa, na malipo ya siku zote alizokaa bila idhini. Asisahau ombi hilo la tatu, kwa maana wengi hulisahau na kupoteza fedha nyingi.

Nne, baada ya hukumu, kumtoa mtu kwafanywa na watu waliopewa kazi hiyo na mahakama, wala si na mdai. Kifungu cha 152G chataka wajitambulishe na waonyeshe amri, waheshimu utu wa watu, wawaangalie hasa wanawake, watoto, wazee na walemavu, mali isiporwe wala isiharibiwe ovyo, na mwenye vitu apewe nafasi ya kuvitoa mwenyewe.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aweza kuuliza katika Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

MIAKA 12

Yuko mwenye mali asiyepokea kodi, asiyeandika barua, asiyekwenda mahakamani, akaa tu akisema, "Ardhi haiendi popote." Ni kweli kwamba ardhi haiendi, lakini haki huenda. Sheria ya Mipaka ya Muda wa Mashtaka, Sura ya 22, yasema kwamba shauri la kudai ardhi halifunguliwi baada ya miaka 12 kupita tangu haki ya kudai ilipoanza. Kwa upangaji usioandikwa, miaka hiyo huhesabiwa tangu kipindi cha kwanza kilipokwisha, au tangu kodi ilipopokewa mara ya mwisho. Na mtu aliyekaa wazi wazi kwa muda huo wote bila idhini ya mwenyewe aweza kuiomba mahakama imwandike yeye kuwa mwenye ardhi. Hatari hii huwapata hasa watu waliohamia Nairobi au Mombasa na kuacha shamba nyumbani mikononi mwa mtu waliyempangisha zamani.

NENO KWA MPANGAJI

Tumesema sana juu ya mwenye mali, lakini mpangaji naye asidhani kwamba sheria ni ngao ya kukalia mali ya mwenziwe bure. Kila mwezi anaokaa, deni lake laongezeka, na akishindwa hulipa na gharama za shauri. Ikiwa ana sababu ya haki ya kubaki, na aende Barazani au mahakamani kabla ya siku ya notisi kufika, maana akikawia aweza kufungiwa mlango. Ikiwa hana sababu ila ahitaji muda, na aombe muda mapema na kwa maandishi. Aendelee kulipa kodi na kutunza stakabadhi zake. Na akiwa ametumia fedha kulitengeneza jengo, asitegemee wema wa mtu baadaye. Makubaliano ya kurudishiwa fedha hizo yafanywe kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa simiti.

KARATASI NA KALENDA

Mapatano ya miaka 2 au pungufu yaweza kufanywa hata kwa maneno, na sheria huyatambua. Hata hivyo yaliyoandikwa ndiyo yanayoweza kuonyeshwa. Karatasi ya mkataba iwe na mambo haya: majina na namba za vitambulisho, mali yenyewe na namba ya ploti, kodi na siku ya kulipa, siku ya kuanza na siku ya kwisha, notisi ya kila upande, nani atatengeneza jengo, na kwa shamba, habari ya mazao na miti. Ilipiwe ushuru wa stempu, kwa kuwa mkataba usiolipiwa huleta taabu ukitolewa mahakamani kuwa ushahidi.

Kisha mwenye mali aweke alama katika kalenda yake miezi 6 kabla ya siku ya mwisho. Siku hiyo amwendee mpangaji na kumwuliza kama ataendelea au ataondoka. Wakikubaliana kuendelea, waandike mkataba mpya. Wasipokubaliana, notisi itolewe mapema, kwa fomu ihusikayo, bila kungoja mpaka siku za mwisho. Ugomvi mwingi hutokea kwa sababu hakuna aliyeuliza swali hilo mpaka siku yenyewe imepita, na kodi ya mwezi wa kwanza imekwisha pokewa.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo mwenye duka, chumba au shamba na aitafute karatasi yake sasa, aisome, na atazame muda wake unakwisha lini.